Kisiwa cha Japani kilichokuwa na mkutano mkuu wa kijiji kama wetu

Mwezi wa nane nilipanda basi kutoka Mtwara mjini kwenda kumwona bibi yangu mzaa mama, kijiji kipo upande wa Mtama huko mkoa wa Lindi, jina silitaji maana sitaki ugomvi na mtu, afu kufika tu nakuta siku hiyohiyo kuna mkutano mkuu wa kijiji. Bibi hakosi mkutano. Ana mguu wa matende, wa kushoto, zaidi ya miaka 30 sasa, anaufunga na kipande cha kanga kuukuu halafu anakwenda mdogo mdogo na fimbo yake mpaka kwenye ule mwembe karibu na ofisi ya kijiji, anatandika mkeka mbele kabisa ili asikie vizuri. Mimi nikakaa kwenye mzizi pembeni, si mkazi, pale sina neno.

Ajenda ya tatu ilikuwa kusoma mapato na matumizi. Ikaja ajenda ya kwanza, ikaja ya pili ya madawati, ya tatu ilipofika tukaambiwa daftari halijakamilika na muda nao umetutupa mkono, hivyo isogezwe mkutano ujao. Watu wakaguna. Kumbe na mkutano uliopita ilisogezwa hivyohivyo, na wa kabla yake. Bibi akanyoosha fimbo juu, akapewa nafasi, akasema, "Mwanangu Mwenyekiti, mi nimekuja na mguu huu kusikiliza hesabu." Akakaa. Hakusema lingine. Watu wakapiga makofi, mkutano ukafungwa kwa dua.

Usiku tumekaa barazani tunamenya ming'oko nikamkumbuka mjomba wangu. Mjomba alikuwa mtumishi wa halmashauri, kabla hajastaafu aliwahi kupelekwa Japani kwenye kozi fupi ya mambo ya serikali za mitaa, na toka arudi kila msiba na kila harusi lazima akiongelee kijiji kimoja huko ambacho hakikuwa na madiwani kabisa, watu wazima wote wa kijiji ndo walikuwa baraza. Sisi wadogo tulikuwa tunamsikiliza kwa heshima tu, kwetu huku mjomba akiongea unatulia. Lakini usiku ule nikajiambia hapana, hiki kitu nikitafute nikisome vizuri. Nimekisoma miezi kadhaa sasa na leo naandika nilichokipata, mtanisamehe ni ndefu.

Kijiji kiliitwa Utsuki. Kilikuwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kinaitwa Hachijo-kojima, kipo pembeni ya kisiwa kikubwa cha Hachijojima, na vyote viwili viko chini ya Tokyo kiutawala ingawa Tokyo yenyewe iko karibu kilomita 290 kaskazini, bahari tupu katikati. Kisiwa kidogo hicho kilikuwa na vijiji viwili tu, Utsuki na Toriuchi. Sasa sheria mpya ya serikali za mitaa ya Japani ya 1947 ina kipengele kinasema kijiji kikitaka kinaweza kuacha kuchagua baraza na badala yake kikawa na mkutano mkuu wa wapiga kura wote. Kipengele kipo mpaka leo. Kwenye sheria hiyo ni kijiji kimoja tu Japani nzima kilichowahi kukitumia, Utsuki, kuanzia 1951 mpaka 1955 kilipounganishwa na mji wa Hachijo. Wapiga kura wake hawakufika hata 50. Yaani wale watu wakikaa kikao cha bajeti, mvuvi, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, wote ni madiwani siku hiyo.

Na hapa ndo mkono wangu ulikufa ganzi nikiwa nasoma. Kisiwa hichohicho kilikuwa na matende. Wenyewe waliita ugonjwa ule baku. Homa inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, baada ya miaka mguu unavimba na ngozi inakuwa ngumu kama gome, nani wa Lindi au Mtwara asiyeijua hiyo hadithi. Kisiwani hapakuwa na maji ya kueleweka, watu walikinga ya mvua kwenye matangi (kama ndugu zetu wa uwanda wa Newala na Tandahimba wanavyokinga) na mbu wa pale wakawa wanazaliana humohumo kwenye matangi na kwenye mashimo ya mawe ufukweni. Mwaka 1948 akaja mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo anayeitwa Sasa Manabu, na wenzake, wakaanza kupima damu usiku, na kuanzia 1950 wakatoa vidonge na kupiga dawa ya mbu. Vidonge vile mwanzoni vinaleta homa kali, minyoo inapokufa mwilini mtu analala chini anatetemeka, kwa hiyo kumshawishi mtu ameze ni kazi ya kuongea naye, sio ya kumwamrisha. Ugonjwa ukaisha pale. Japani nzima uliisha baadaye, Okinawa ikiwa ya mwisho. Bibi yangu nilipomsomea hii sehemu aliniambia soma tena, nikasoma tena.

Nikajiuliza, kwa nini watu wachache hivyo walikuwa na hamu ya kukaa wote kwenye kikao? Jibu ukilitafuta linakupeleka nyuma. Kwenye kile kisiwa mpaka 1947 walikuwa bado wana nanushi. Nanushi ni mkuu wa kijiji wa zama za watawala wa kijeshi, ni kama jumbe wetu wa pwani, anakusanya kodi, anapokea amri, anazishusha. Bara la Japani nanushi walishafutwa miaka ya 1870 huko, reli zikaja, katiba ikaja 1889, bunge likaja 1890, vita viwili vikubwa vikapita, na huku kisiwani jumbe yupo tu amekaa. Hakuna aliyekuja kusema imekwisha.

Nilichokigundua ni kwamba hii haikuwa bahati mbaya ya kisiwa kimoja, ilikuwa ndo utaratibu wenyewe. Tunapenda kusema Wajapani wamezaliwa na nidhamu, kila kitu kwao kilipangwa toka mwanzo. Sio kweli. Serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoingia 1868 ilivunja falme ndogo za mabwana mwaka 1871 ikaweka mikoa inayoongozwa na magavana wanaoteuliwa toka juu, mwaka 1878 ikaruhusu mabaraza ya mikoa, mwaka 1888 ikatoa sheria ya miji na vijiji, kwa mkupuo mmoja vijiji 71,314 vikaunganishwa vikabaki 15,859, lengo kila kimoja kiwe na kaya 300 hadi 500 ili kiweze kubeba shule ya msingi. Hayo yote yalikuwa ya bara. Visiwa vikaambiwa nyie bado. Hokkaido ikaambiwa bado. Okinawa ikaambiwa bado. Visiwa vya Izu, Oki, Tsushima, Amami vikaja kupata sheria zao za pembeni mwanzoni mwa miaka ya 1900, zenye madaraka madogo kuliko ya bara, miaka 15 hadi 20 baadaye, na hata hizo hazikufika kila jiwe kama tulivyoona.

Oki ndo inaniuma zaidi, maana Oki walishajaribu wenyewe kabla ya mtu yeyote. Mwaka 1868, serikali ya zamani inaanguka, visiwa vya Oki vilikuwa vinasimamiwa na ofisa wa utawala wa Matsue, ng'ambo ya pili huko bara. Ikaja barua kutoka kwa watu wa serikali mpya, imeandikiwa wakuu wa vijiji vya Oki, na yule ofisa akaifungua yeye. Barua sio yake. Watu wapatao 3,000 wakakusanyika, wakamtoa yule ofisa kisiwani akapanda chombo akaenda zake, na wakaendesha kisiwa wenyewe kama siku 80 hivi, mpaka askari wa Matsue walipokuja na bunduki na watu 14 wakafa. Nimefikiria sana hiyo barua. Mimi nina stationeri hapa Magomeni ya Mtwara, kila siku nashika barua za watu, natoa kopi, naskani, kuna mzee mmoja huwa anaikunja bahasha yake mara mbili kabla hajanipa ili nisisome kichwa chake, na namwelewa kabisa. Barua iliyoandikwa jina lako ikifunguliwa na mwingine, ujumbe unaopata ni kwamba wewe hauhesabiki.

Hokkaido ni habari nyingine. Kabla ya 1869 iliitwa Ezo, nchi ya Waainu, serikali ikaibadili jina ikaunda tume ya maendeleo, Kaitakushi, yenye mamlaka yote, ardhi, migodi, viwanda, bandari, hakuna baraza la kuihoji. Ikamwaga zaidi ya yeni milioni 14 kwenye miradi. Mwaka 1881 ikajulikana kwamba mkuu wake Kuroda Kiyotaka anataka kuwauzia mali zile watu wa karibu yake kwa yeni 380,000 na kidogo, walipe kidogokidogo miaka 30 bila riba. Magazeti yakawaka, watu wakapiga kelele Tokyo nzima, uuzaji ukafutwa, na mwezi wa kumi mwaka huohuo mfalme akatoa ahadi kwamba nchi itapata bunge 1890. Yaani kashfa ya pembezoni ndo iliyosukuma nchi nzima ipate bunge. Halafu bunge lilipokuja, Hokkaido yenyewe haikuwa na mjumbe hata mmoja! Walisubiri mpaka 1902 kuchagua kwa mara ya kwanza, tena miji mitatu tu kwanza, na baraza lao la mkoa lilikuja 1901 wakati mikoa mingine ilikuwa nalo toka 1878 na 1879. Vijiji vyao vikagawanywa daraja la kwanza na daraja la pili, na lile la pili mkuu wake anateuliwa. Na hayo madaraka yalipokuja yalikuwa ya wahamiaji, Waainu walishanyang'anywa ardhi na mito yao ya samaki, wakawekewa sheria ya 1899 ya kuwafanya wakulima na Wajapani kwa lazima, ikaja kufutwa 1997. Sitaki kuiandika historia ya Hokkaido kama vile ardhi ilikuwa tupu.

Okinawa sasa. Ilikuwa ufalme, Ryukyu, una mfalme wake na meli zake zinazofanya biashara mpaka Uchina. Mwaka 1879 Japani ikatuma askari na polisi, mfalme Sho Tai akatolewa kwenye ngome ya Shuri akapelekwa Tokyo, ikawa mkoa. Lakini serikali ikasema tutaacha desturi za zamani kwanza, na moja ya desturi ilikuwa kodi ya kichwa kwenye visiwa vya mbali vya Miyako na Yaeyama, mtu yeyote wa miaka 15 mpaka 50 analipa, hata shamba lake likiwa halitoi kitu, wanaume nafaka, wanawake vitambaa vya kufuma. Mwaka 1893 wakulima wa Miyako wakatuma wawakilishi wao mpaka Tokyo kupeleka malalamiko bungeni, safari ya baharini ya siku nyingi, viongozi wa pale kisiwani wakijaribu kuwazuia. Kodi ikafutwa 1903.

Nilipoona huo mwaka nikaacha kusoma nikatoka nje kidogo. Sisi kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu aliita kodi ya kichwa, imefutwa 2003. Miaka 100 kamili. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri sana, mgambo wakiingia kijijini asubuhi baba mdogo anatokea mlango wa nyuma anakwenda kulala kwenye mikorosho mpaka jioni, na mama mdogo anaambiwa aseme amekwenda Nachingwea. Kuna siku nilipeleka chakula kule, nimekificha kwenye ndoo nikajaza na mabibo juu. Nimemkuta amekaa chini ya mkorosho anachezea majani makavu, mtu mzima, ana watoto wanne, kajificha kama mwizi kwa ajili ya risiti. Kwa hiyo mtu akiniambia kodi ya kichwa ya Miyako ni historia ya mbali, aniache.

Baraza la mkoa Okinawa walipata 1909, miaka 30 baada ya kuchukuliwa. Uchaguzi wa bunge 1912, na Miyako na Yaeyama wakaachwa nje hata hapo, wakasubiri tena.

Kwa hiyo ndugu zangu ndo naona picha. Pembezoni unaanza kutozwa mapema, unaanza kusikilizwa mwisho. Na sisi tumepitia njia yetu, pwani hii ilipita kwa maliwali, maakida na majumbe, ikaja mamlaka za wenyeji za Mwingereza kuanzia 1926, baada ya uhuru tukawa na halmashauri, 1972 zikafutwa na mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudi kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi 1984. Wazee wa Lindi wanaikumbuka ile miaka ya katikati, ukitaka hata kibali kidogo unasubiri ofisa wa mkoa.

Japani walifunguka 1947. Wameshindwa vita, Mmarekani yupo, katiba mpya ikaweka sura nzima ya serikali za mitaa, magavana na mameya wakaanza kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, wizara ya mambo ya ndani iliyokuwa inateua magavana ikavunjwa mwisho wa mwaka. Hokkaido wakamchagua mtumishi wa kawaida wa ofisi ya mkoa, Tanaka Toshifumi, akakaa mpaka 1959. Sitakaa sana hapo maana hiyo sehemu ipo kila mahali.

Ila Okinawa haikuingia kwenye hiyo neema, ilibaki chini ya jeshi la Marekani mpaka tarehe 15 Mei 1972. Walikuwa na serikali yao ya Ryukyu toka 1952 lakini mkuu wake anateuliwa na Mmarekani. Na hapa kuna tukio nalipenda kuliko yote niliyosoma. Desemba 1956 watu wa Naha, mji mkuu wao, walimchagua meya Senaga Kamejiro, mtu aliyekuwa ametoka jela kwa kuwapinga Wamarekani. Wamarekani wakakata ruzuku ya mji na benki ikazuia hela za manispaa. Miradi ikasimama. Ungetegemea watu wamgeuke, si ndo lilikuwa lengo? Watu wa Naha wakaenda kupanga foleni kulipa kodi. Foleni ya kulipa! Ukusanyaji ukafika asilimia 97. Walielewa kwamba hela yao wenyewe ndo pumzi pekee iliyobaki kwa meya wao. Ikabidi sheria ya uchaguzi ibadilishwe ndo aondolewe, Novemba 1957, hakumaliza hata mwaka. Na mwaka 1963 kamishna mkuu wa Kimarekani, Jenerali Caraway, akasimama akasema hadharani kwamba kujitawala kwa Okinawa ni hekaya tu. Watu hawakuisahau hiyo kauli, wakadai mpaka 1968 wakamchagua wenyewe mkuu wa serikali, Yara Chobyo.

Fikiria baba mdogo kwenye mikorosho na hawa wa Naha kwenye foleni. Ni kodi ileile. Kilichotofautiana ni kwamba hawa walijua inakwenda kwa nani na kufanya nini.

Kingine ni kijiji cha Sawauchi, milima ya mkoa wa Iwate, kaskazini. Theluji inafunga barabara miezi, watu maskini, watoto wachanga wanakufa, wazee hawaendi hospitali kwa sababu hawataki kula hela ya familia. Mwaka 1957 akachaguliwa mkuu wa kijiji anaitwa Fukasawa Masao. Akahakikisha kuna mashine ya kusafisha theluji ili barabara ipitike, akaajiri manesi wa kutembea nyumba kwa nyumba, na 1960 akasema wazee wa miaka 65 watibiwe bure, mwaka uliofuata akashusha mpaka 60 na kuongeza watoto chini ya mwaka mmoja. Ofisi ya mkoa ikamwambia hiyo inakiuka sheria ya bima ya afya. Akajibu kwamba inaweza kukiuka sheria ya bima lakini haikiuki katiba, na serikali kuu itakuja kufuata nyuma. Mwaka 1962 Sawauchi haikupoteza mtoto mchanga hata mmoja, kijiji cha kwanza Japani nzima kufanya hivyo. Fukasawa alifariki 1965. Serikali kuu ikaja kuwatibu wazee bure 1973. Kwa hiyo ilikuwa kweli, walifuata nyuma, miaka 13.

Naijua kliniki ya kijijini kwa bibi. Mwaka jana dada yangu alijifungua njiani kwenye bodaboda, mtoto mzima alhamdulillahi, lakini njiani. Ndo maana nikisoma neno "nyumba kwa nyumba" silipiti haraka.

Baadaye serikali kuu huko Tokyo ilianza tena kuunganisha miji na vijiji. Miaka ya 1950 mamlaka 9,868 zikashuka mpaka 3,472, ikaja awamu ya karibu, 1999 zilikuwa 3,232, kufika 2010 zimebaki 1,700 na kitu. Sawauchi yenyewe iliunganishwa na jirani 2005, jina likafutika, sasa ni Nishiwaga. Mwaka 2000 waliondoa pia ule utaratibu wa kumfanya meya kuwa tarishi wa wizara, na hilo naliona jema, lakini kuunganisha kwa kubanwa ruzuku sijalipenda hata baada ya kusoma hoja zao zote. Ukiwaza ofisi imehama kilomita 40, bibi yangu na mguu ule anafikaje?

Waliokataa wapo. Mji wa Ama, kwenye kisiwa cha Nakanoshima, hukohuko Oki kwenye ile barua iliyofunguliwa. Watu kama 2,300. Mwaka 2002 wakamchagua meya Yamauchi Michio, mji una madeni, wakaambiwa muungane, wakakaa wakasema hapana. Meya akakata mshahara wake mpaka ukabaki nusu, watumishi nao wakakubali kukatwa, ile hela ikaenda kwenye kulea watoto na kununua mtambo wa kugandisha samaki bila kuharibu nyama yake, ili ngisi na chaza wa kisiwani wafike Tokyo kama wametoka baharini leo. Sekondari iliyokuwa inataka kufungwa wakaifufua mpaka wanafunzi wakawa wanatoka miji mikubwa kwenda kusoma kisiwani. Wana msemo wao wameubandika kila mahali, Nai mono wa nai. Mjomba ndo alinifafanulia kwamba una maana mbili kwa pamoja, kisichokuwepo hakipo, na hakuna kisichokuwepo. Nilimwambia bibi, akacheka, akasema hata sisi tunasema hivyohivyo kwenye mavuno.

Nimechapa karatasi mbili pale dukani kwangu, herufi kubwa, moja ya Naha na foleni yao na moja ya Sawauchi, nikampelekea bibi wiki iliyopita na miwani mpya. Sijamwambia la kufanya nazo. Alisoma ya Naha polepole kwa kidole, akaikunja akaiweka kwenye pindo la kanga. Halafu akaniuliza kile kisiwa cha kwanza, cha watu wa matende, siku hizi anakaa nani. Nikamwambia hakuna, watu waliondoka wote 1969, waliomba wenyewe kuhamishwa maana hapakuwa na umeme wala daktari na watoto wanakwenda kusoma ng'ambo hawarudi, walibaki mbuzi tu wakawa wa porini, nao wakaja kuondolewa, sasa wanataga ndege wakubwa wa baharini.

Akanyamaza kidogo. "Na walipokuwepo, hesabu zao walikuwa wanasomewa?"

Nikamwambia Bibi, wao ndo walikuwa wanazipitisha.

Mkutano unaofuata umepangwa baada ya mnada wa kwanza wa korosho. Tangazo limebandikwa kwenye mwembe, ajenda ya kwanza safari hii ni mapato na matumizi, na bibi kaniambia nije ijumaa nimbebee mkeka.